Wosia wa wenye watoto wadogo: tunayoambiana, na isemavyo sheria ya Kenya

"Wosia ni wa wazee wenye mashamba." Haya aliyasema mama mmoja kwenye chama chetu, mtoto wa miaka miwili mgongoni. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, humruhusu mtu mzima yeyote mwenye akili timamu kuandika wosia. Tena mtoto akiwa mdogo, shamba si hoja kubwa. Hoja ni atabaki na nani. Katika wosia unaweza kumtaja mlezi, na pia mtu wa kumshikia mtoto mali hadi afikishe miaka 18. Mzazi mwenzako akiwa hai, mlezi huyo hamnyang'anyi mtoto, hushirikiana naye.

"Bila wakili ni karatasi tu." Hapana. Hata karatasi ya daftari la shule inatosha. Kinachoponza watu ni sahihi. Mashahidi wawili au zaidi wakuone ukitia sahihi, au uwathibitishie mwenyewe kwamba ni yako, kisha kila mmoja atie yake ukimwona.

Sasa, tuseme umemwachia dada yako cherehani, halafu unamwita awe shahidi kwa kuwa ndiye aliye karibu, yuko jikoni anasonga ugali. Wosia utasimama, lakini cherehani ameikosa, isipokuwa wawepo mashahidi wengine wawili wasio na maslahi. Akitia sahihi mumewe badala yake, mambo ni yale yale. Mwite jirani.

"Nilishamwambia mama kwa mdomo." Wosia wa mdomo hutaka mashahidi wawili, na hufaa tu ukifariki ndani ya miezi mitatu. Ukiufikia mwezi wa nne ukiwa mzima, huna wosia.

"Mtoto wa nje nisipomtaja, basi." Sheria humhesabu kuwa tegemezi wako, uwe ulimlea au hukumlea, na mahakama inaweza kumtengea fungu.

"Nikishaandika nimemaliza." Ukioa au kuolewa baadaye, wosia wa awali hubatilika, ila kama uliuandika ukiikusudia ndoa hiyo hiyo. Mama anayelea peke yake alijue hili mapema.

Waislamu wao hufuata sheria ya Kiislamu, ambayo huuwekea wosia mpaka wa thuluthi ya mali.

Wangu umo kwenye bahasha ya kaki pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na msimamizi niliyemtaja anaijua droo.