Pepopunda haiongezi nguvu, inakata breki

Dhana: asidi amino ni za kujenga misuli tu.
Ndivyo tulivyokariri shuleni, na ni nusu ya habari. Ndani ya uti wa mgongo baadhi yake ni wajumbe: seli moja ya neva huzimwaga, ya jirani huzipokea. Glutamati huichochea seli. Glisini na GABA huituliza. Mwishoni mwa miaka ya 1950, watafiti Curtis, Phillis na Watkins huko Canberra, Australia, walizijaribu kwenye seli za uti wa mgongo wa paka kwa vijineli vyembamba vya kioo. Glutamati iliamsha karibu kila seli iliyoguswa, kiasi kwamba wenyewe walisita kuamini kuwa ni mjumbe halisi!

Dhana: msuli ukikakamaa, basi neva zimechochewa kupita kiasi.
Hapa ndipo wengi hupotea. Daktari akikugonga chini ya goti kwa kinyundo, glutamati huamsha neva za misuli ya mbele ya paja. Papo hapo seli ndogo ya kati humwaga glisini kunyamazisha neva za misuli ya nyuma, la sivyo pande mbili zingevutana. Sumu ya pepopunda hupanda kupitia neva hadi kwenye uti wa mgongo, ikakata protini inayowezesha glisini na GABA kumwagwa. Uchochezi ni uleule wa kila siku, kilichokosekana ni wa kuuzuia. Ndiyo maana mlango ukibamizwa tu, mgonjwa hukakamaa mwili mzima. Strikinini, sumu ya kuulia mbwa koko, huleta balaa lilelile kwa njia nyingine: glisini inamwagwa, lakini pa kupokelewa pamezibwa.

Dhana: kiungo cha glutamati jikoni huchemsha neva.
Sehemu kubwa huishia utumboni kama nishati, na kizuizi kati ya damu na neva hubana inayobaki.

Dhana: kutu ndiyo huleta pepopunda, na aliyepona amekingika.
Vijidudu hukaa kwenye udongo na kinyesi cha wanyama. Msumari mpya uliolala zizini unatosha, na kwa kichanga, wembe mchafu wa kukatia kitovu. Sumu inayomfanya mtu augue ni kidogo mno hata mwili haujifunzi kuitambua. Aliyepona huchanjwa kama wengine.