Muswada umerudi: soma jibu kabla ya kuugusa

Mwandishi chipukizi akikataliwa na mchapishaji, jamaa humwambia subira yavuta heri. Sawa, lakini subira ya kukaa kitako haimfai mwenye muswada. Kazi yangu hapa Mombasa ni kusoma na kuhariri miswada, na wengi ninaoona wakikata tamaa hawajajua hasa kilichokataliwa ni kipi: hadithi, lugha, au mlango waliobisha.

Majibu hayana uzito mmoja. Ile barua ya mistari miwili, "tunashukuru, lakini kazi yako haiendani na mahitaji yetu kwa sasa", hutumwa kwa kila mtu. Usikeshe ukiichambua hiyo "kwa sasa". Huenda msomaji aliishia ukurasa wa tatu, huenda mwaka huo hawatoi riwaya kabisa, barua haisemi. Inayotaja jambo mahsusi, tuseme sura ya nne imezorota, ina thamani kubwa zaidi kwa sababu kuna mtu aliyefika sura ya nne. Ripoti ya msomaji ikija pamoja na ombi la kurekebisha na kurudisha, hapo hujakataliwa hata kidogo, ingawa wako waandishi wanaoipokea kama tanzia na hawaandiki tena. Kimya nacho kina kipimo chake. Isipokuwa mchapishaji ametaja muda wake, ngoja miezi mitatu, tuma baruapepe fupi yenye jina la muswada na tarehe uliyoutuma, mpe mwezi mwingine, kisha hesabu umekataliwa uendelee.

Usirekebishe muswada kila unapokataliwa. Huyu hakupenda mwisho, unaubadilisha. Yule akaona ni mrefu, unaukata. Baada ya mwaka kazi si yako tena na bado haijachapishwa. Mimi hushauri hivi: wasomaji wawili wasiojuana wakikwama mahali pamoja, parekebishe. Akikwama mmoja, andika kando maoni yake na utume kwingine. Pia jihadhari na dawa anayoipendekeza msomaji. Akisema "ongeza mapenzi sura ya sita", yaelekea sura ya sita imemchosha. Tafuta kwa nini imemchosha.

Kwa waandishi wa Pwani, kikwazo kinachojirudia ni lugha. Mkutano wa 1928 ulioteua Kiunguja, lahaja ya Unguja, kuwa msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika papa hapa Mombasa, na mpaka leo mwandishi wa Mvita hurudishiwa muswada wenye alama nyekundu chini ya maneno ya nyanyake. Sikushauri uyafute. Muyaka bin Haji, mshairi wa kale wa Mombasa, alitunga kwa Kimvita, lahaja ya hapa, na bado anasomwa. Ila mhariri anahitaji kuona kwamba umekusudia. Mhusika akisema "ndia ni hii" ukurasa wa 12, kisha "njia ni hii" ukurasa wa 40, msomaji ataona ni kosa la chapa, na kutoka hapo kila "mato" (macho) na "mtele" (mchele) atavihesabu makosa pia. Amua mapema nani anasema Kimvita na nani hasemi, masimulizi yaache katika Kiswahili sanifu, halafu pitia mazungumzo ya mhusika mmoja mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, ukitumia kitafutio cha kompyuta. Katika barua yako weka sentensi moja inayoeleza mpango huo.

Kikwazo cha pili ni kurasa za kwanza. Hebu tazama mwanzo wa aina hii: "Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Jua lilikuwa limechomoza na ndege walikuwa wakiimba. Mwanaidi aliamka, akapiga mswaki, akanywa chai, akatoka kwenda Marikiti. Alipofika alikuta kibanda chake kimevunjwa." Hadithi imeanza sentensi ya nne. Anza pale: "Mwanaidi alikuta kibanda chake kimevunjwa, na bizari imemwagwa hadi mtaroni." Jumatatu, kama ina kazi, itapata nafasi baadaye. Chai haina kazi.

Washairi wa arudhi, yaani wanaofuata kanuni za vina na mizani, hukataliwa kwa hesabu. Mshororo wa mizani (silabi) kumi na sita ukipungukiwa mmoja, msomaji anayejua huacha kusoma maana na kuanza kuhesabu vidole. Chukua "Nimeuona mlango, umefungwa kwa kufuli". Kila kipande kina mizani minane, kwa kuwa ile m ya "mlango" ni silabi peke yake. Anayeihesabu pamoja na "la" hudhani amepungukiwa, huchomeka "na", na kipande kinakuwa na tisa. Ghani kila ubeti kwa sauti kabla ya kutuma. Ulimi hukwama palipozidi.

Soko nalo lina sheria zake. Wachapishaji wakubwa wa Kenya wengi wako Nairobi na tegemeo lao ni vitabu vya shule, ambavyo lazima vipitie KICD, taasisi ya serikali ya mitaala. Riwaya yenye chumba cha kulala kilichoachwa wazi haiendi huko hata ikiwa bora namna gani. Kabla ya kutuma, ingia duka la vitabu mjini, fungua kurasa za mwanzo za vitabu vinavyofanana na chako, uandike nani amevichapa na mwaka gani. Kama mchapishaji hajatoa riwaya ya watu wazima kwa miaka, jibu lake unalijua. Tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, baadaye Safal-Cornell, imepokea hata miswada ambayo haijachapishwa. Kukosa tuzo hakukuambii muswada wako una kasoro gani.

Kifurushi chenyewe: barua ya ukurasa mmoja, muhtasari wa ukurasa mmoja, sura tatu za kwanza, kurasa zenye namba, herufi za ukubwa wa 12, nafasi mbili kati ya mistari. Mchapishaji akiwa na masharti yake, fuata yake. Muhtasari utaje mwisho. "Ukitaka kujua kilichompata, soma kitabu" ni maneno ya jalada la nyuma, na mhariri hanunui jalada. Weka pia daftari lenye safu za mchapishaji, tarehe, toleo la faili, tarehe ya kufuatilia na jibu kama lilivyoandikwa. Bila safu ya toleo hutajua kama waliokataa walisoma mwanzo wa zamani au mpya.

Anayekataliwa sana ni windo rahisi. Ukisifiwa ndani ya siku mbili kisha ukadaiwa ada ya uhariri, jalada na "usajili", hao wanauza huduma ya kuchapa. Ukitaka kujichapishia, ni halali kabisa, na ISBN, namba ya kutambulisha kitabu, hutolewa na Shirika la Maktaba za Kitaifa. Lakini linganisha bei na wapiga chapa wengine kwanza. Wala usizuie muswada kwa hofu ya kuibiwa. Sheria ya Kenya inakupa hakimiliki mara tu kazi inapoandikwa, na kuisajili KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, ni hiari inayorahisisha ushahidi.

Je, ni lini uuweke muswada kando? Milango kumi inayofaa ikijibu kwa barua ile ile ya mistari miwili, bila neno la ziada, andika upya sura ya kwanza, utume kwa mitano mingine. Wakikataa, weka faili na uanze kazi nyingine. Mhariri aliyewahi kukupa maoni, mpelekee hiyo mpya yeye kwanza, na katika mstari wa pili wa barua umtajie alichosema kuhusu ile ya awali.