Brown ilitamka haki, Green ikaamuru itekelezwe

Nafundisha sheria ya katiba, na kila nikiuliza ni lini ubaguzi wa rangi ulikoma katika shule za umma za Marekani, jibu huwa moja: 17 Mei 1954, kesi ya Brown. Lakini mwaka 1964, miaka kumi baadaye, kwenye majimbo ya Kusini ni takriban watoto Weusi 2 katika kila 100 waliosoma pamoja na Wazungu.

Tatizo lilikuwa nafuu, yaani kile ambacho mahakama inaamuru kifanyike ikishatamka nani ana haki. Katika Brown, majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani walikubaliana kwamba kutenga shule kwa rangi kunavunja Katiba, ila suala la utekelezaji wakaliahirisha. Walipolirudia mwaka 1955 hawakuweka tarehe yoyote ya mwisho. Wakawaachia majaji wa chini kusimamia. Mdaiwa akipewa amri isiyo na tarehe ataomba muda hadi achoke mdai. Kaunti ya Prince Edward, Virginia, ilifika mbali zaidi: mwaka 1959 ilifunga shule zake zote za umma, zikafunguliwa tena 1964. Wazungu waliwafungulia watoto wao shule binafsi. Watoto wengi Weusi walikaa miaka kadhaa bila darasa, na hasara ile hakuna hukumu iliyoweza kuifidia.

Ndiyo maana nasisitiza kesi ya Green ya mwaka 1968, kutoka kaunti ya New Kent, humohumo Virginia. Kaunti ilikuwa na shule mbili tu, New Kent ya Wazungu na Watkins ya Weusi, ingawa familia ziliishi zimechanganyika. Mabasi 21 yalizunguka kaunti nzima yakipishana njiani, 11 ya Watkins na 10 ya New Kent, wakati ingetosha kila mtoto apelekwe shule ya karibu. Bodi ya shule ya kaunti ikajitetea kwamba kila mzazi ana uhuru wa kuchagua. Katika miaka mitatu hakuna mtoto Mzungu hata mmoja aliyechagua Watkins, na asilimia 85 ya watoto Weusi walibaki hukohuko. Jaji Brennan, akiiandikia Mahakama ya Juu, aliuondoa mzigo wa kumaliza ubaguzi mabegani mwa mzazi akaubebesha bodi: ilete mpango wenye kuleta matokeo, na uyalete sasa. Kuanzia hapo majaji wa chini wakawa na kipimo, na shule za Kusini zikabadilika kwa kasi.

Kasi hiyo ilikwama Detroit mwaka 1974, kesi ya Milliken. Kwa kura 5 dhidi ya 4, Mahakama ya Juu ilikataa kuzijumuisha wilaya za shule za pembezoni mwa jiji, walikoishi Wazungu wengi, katika mpango wa kuchanganya wanafunzi. Thurgood Marshall, wakili wa Brown na mshauri wa wajumbe Waafrika wa Kenya kuhusu haki za kikatiba kule London mwaka 1960, sasa akiwa jaji, aliandika kupinga. Nami naona alikuwa sahihi: ndani ya Detroit wanafunzi wengi walikwishakuwa Weusi, hivyo amri iliyokomea mpaka wa jiji haikuwa na watoto wa kuwachanganya.