Kabla hujalipia programu ya kuchorea ramani za nyumba, muulize injinia wako

Kila mara kuna kijana ananiuliza, bosi, nianze na AutoCAD, ya kuchora mistari, au Revit, ya kumodeli jengo zima? Na mimi namrudishia swali, injinia wako anafungua nini? Maana ramani haikai kwako, inatoka kwa soroveya, mpima viwanja, inaingia kwako, inaenda kwa injinia wa strakcha, inarudi imejaa nguzo na bimu, mwisho unaenda kuprinti Nasser Road, mtaa wa uchapaji hapa Kampala, na flashi mfukoni.

Mimi nilijifunza kwa kuumia. Nimemodeli ghorofa tatu kwenye Revit mpyaa, mpaka ngazi, namtumia injinia faili, dakika kumi simu inalia: haifunguki. Yeye yuko versheni ya miaka miwili nyuma, na faili la Revit ukishalihifadhi kwenye mpya, ya zamani hailisomi tena, hakuna njia ya kurudi. Ikabidi nimtolee DWG, faili la AutoCAD, hiyo unaweza kuishusha mpaka versheni za zamani, ila kuta zangu zote zikabaki mistari tu. Kosa langu, sikuuliza.

Sasa soroveya. Hapa kwetu kiwanja kinauzwa kwa futi, 50 kwa 100, soroveya anakuletea mita, we unachora kwa milimita, yaani 15,240 kwa 30,480. Ingiza faili lake bila kupanga yuniti uone, kiwanja kinatokea kama punje ya mchele, inabidi uzidishe kwa 1000. Halafu koodineti zake za UTM, yaani namba za mita zinazoonyesha kiwanja kiko wapi duniani, kwa Kampala ile namba ya kwenda mashariki ni kama 453,000 hivi, mbali mno na sifuri ya programu, na Revit au SketchUp, nayo ya kumodeli, zikifika huko mistari inaanza kutetemeka. Sogeza kiwanja karibu na sifuri kwanza, na uandike umesogeza kiasi gani, usije ukasahau!

Hela nayo. Autodesk, wenye AutoCAD na Revit, iliacha kuuza leseni za kudumu mwaka 2016, sasa unalipa kila mwaka. Kama unapata kazi mbili tatu tu, BricsCAD ya Wabelgiji bado unanunua mara moja na inaandika DWG hiyohiyo. ArchiCAD, ya kumodeli kama Revit, naipenda, tena inaingia kwenye Mac, Revit haiingii. Za kuchakachua sizungumzii, virusi vyake nimeshavilipia.

Kijana wa juzi alirudi na jibu, injinia wake ni AutoCAD tu, mistari mitupu. Basi aanze hapo, Revit atajifunza usiku umeme ukiwepo.