Ndege ya Langley ya 1903: yanayosemwa na yaliyotokea

Kila ikifika tarehe 17 Desemba na watu kuwakumbuka ndugu Wright, Wamarekani wawili walioruka siku hiyo mwaka 1903 kwa ndege yenye injini, hakosekani wa kudai kwamba wale vijana walibebwa na bahati. Atakwambia siku tisa tu kabla yao, mjini Washington, msomi aitwaye Samuel Langley alikuwa na ndege kamili, ikaponzwa na hitilafu ndogo. Wapo pia wa upande wa pili wanaomfanya Langley kichekesho. Wote wawili wamekosea, ingawa wa kwanza ndiye mwenye maneno mengi.

"Langley hakuwahi kurusha kitu." Alirusha. Tarehe 6 Mei 1896, juu ya mto Potomac, modeli yake Na. 5, yenye injini ya mvuke na mabawa ya upana wa mita 4 hivi, iliruka karibu kilomita moja bila mtu ndani, ikatua majini taratibu. Alexander Graham Bell, yule wa simu, alikuwepo na akapiga picha. Novemba mwaka huo Na. 6 ikaruka mbali zaidi. Langley alikuwa mwanafalaki wa kuheshimika na katibu mkuu wa Taasisi ya Smithsonian, taasisi ya utafiti na makumbusho ya Washington, na kwa wakati ule hapakuwa na chombo cha injini kizito kuliko hewa kilichokuwa kimefika umbali huo.

"Injini ilikuwa dhaifu." Hapa ukweli umegeuzwa juu chini. Injini ndiyo iliyokuwa fahari ya ndege nzima. Stephen Balzer wa New York aliianza, ikamshinda, na Charles Manly, msaidizi wa Langley, akaifumua na kuisuka upya: silinda 5 zilizopangwa kama miale ya nyota, petroli, maji ya kupoozea, nguvu za farasi 52. Ya akina Wright ilikuwa na nguvu za farasi 12 tu.

"Ni mtambo wa kurushia uliomponza." Hii ndiyo dhana kongwe kuliko zote, na aliyeianzisha ni Langley mwenyewe. Ndege yake kubwa, aliyoiita Aerodrome, haikuwa na magurudumu. Ilikalishwa juu ya paa la nyumba iliyojengwa kwenye tishari, kisha springi kali ziisukume juu ya reli hadi ukingoni. Tarehe 7 Oktoba 1903, Manly akiwa rubani, iliteremka moja kwa moja mtoni. Tarehe 8 Desemba ikajaribiwa tena: sehemu ya nyuma ikavunjika ingali inaondoka, pua ikainuka juu, ndege ikapinduka. Manly alinasa chini ya mabaki, koti lake limeshikwa, katika maji yenye barafu, akajikwamua kwa shida. Langley alisema nguzo za kushikilia nyaya za mabawa zilinasa kwenye kigari kilichoibeba ndege juu ya reli.

Tuseme zilinasa kweli. Bado ziko shida mbili ambazo hakuna mtambo ungeziponya. Ya kwanza ni mbavu za ndege. Langley alichukua umbo la modeli akalikuza mara nne. Ukikuza kitu mara nne pande zote, eneo la mabawa linaongezeka mara 16, lakini uzito, kama hukupunguza kitu, unaongezeka mara 64. Mabawa yaliyotosha kwa modeli yakawa yanajisokota yakipata mzigo halisi, na nyaya chache zilizoyashikilia hazikutosha.

Shida ya pili ni kuiongoza. Aerodrome haikuwa na njia ya rubani kuinyanyua upande mmoja ikilala. Ilitegemea mabawa yaliyoinuliwa kidogo mfano wa herufi V, yaiweke sawa yenyewe. Modeli isiyo na mtu huweza kuishi hivyo kwa hewa tulivu. Na Manly, fundi hodari wa injini, hakuwahi kuruka hata kwa nyiringi, yaani ndege isiyo na injini. Akina Wright walikuwa wamepaa na nyiringi yao mara mamia mwaka 1902 pekee, wakijifunza kupindisha mabawa kwa nyaya. Kwa maoni yangu tofauti iko hapo hasa.

"Akina Wright nao walirushwa na mtambo." Sio siku ile. Kule Kitty Hawk, North Carolina, waliporuka, walitumia reli ya mbao na upepo mkali wa mbele. Mtambo wa mzigo unaoanguka waliuanza 1904.

"Alitafuna fedha za umma." Wizara ya Vita ilimpa dola 50,000 mwaka 1898 kutengeneza ndege, akatengeneza, na Smithsonian ikaongeza za kwake. Magazeti yalimkaanga bila huruma. Siku mbili baada ya ajali ya Oktoba, New York Times liliandika kwamba mashine ya kuruka huenda ingehitaji miaka milioni moja hadi milioni kumi kupatikana.

"Lakini mwaka 1914 iliruka!" Ndiyo, na hapa ndipo wengi hupotea. Glenn Curtiss, mtengenezaji wa ndege, aliichukua hadi Hammondsport, New York, akairusha kwa sekunde chache juu ya ziwa. Curtiss alikuwa ameshindwa na akina Wright katika kesi ya hataza (haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake) mwanzoni mwa mwaka ule ule, kwa hiyo ingemfaa sana kuonyesha kwamba kulikuwa na ndege ya kuruka kabla yao. Kabla ya kuirusha alibadili mkunjo wa mabawa, akaimarisha mihimili na nyaya, akachonga propela upya, akaweka maboya. Baadaye akaondoa hata injini ya Manly. Majaribio yalipokwisha, Smithsonian iliirudisha katika sura ya 1903 na mwaka 1918 ikaionyesha kwa kibandiko kilichodai ni ndege ya kwanza duniani *yenye uwezo* wa kuruka na mtu.

Orville Wright alikasirika hata akaipeleka ndege yake kwenye makumbusho ya London mwaka 1928. Smithsonian ilikiri wazi marekebisho ya Hammondsport mwaka 1942 tu, na ndege ya Wright ikarudi Washington 1948.

"Smithsonian imefungwa mdomo kwa mkataba." Wapenda njama hulitaja hili kama ushahidi. Mkataba upo kweli: taasisi ikitangaza ndege nyingine kuwa ya kwanza, ya Wright inaweza kuchukuliwa na warithi wa Orville. Ila ni wa 1948, miaka sita baada ya Smithsonian kukiri, na warithi waliudai kwa sababu ya kibandiko kile cha 1918.