Daktari akiwania kiti, ameitupa tiba?

Kila msimu wa kura hapa Nairobi, daktari akitangaza kuwania kiti, kwenye matatu utasikia: “Huyo amechoka na wagonjwa, anafuata mshahara mnono.” Wapo wa hivyo, tusidanganyane. Ila kudai kwamba siasa na tiba hazikai chungu kimoja ni kukosea.

Mchukue Rudolf Virchow, daktari Mjerumani aliyezaliwa 1821. Mwaka 1848 serikali ya Prussia, dola ya Kijerumani ya enzi hizo, ilimtuma eneo la Silesia ya Juu kuchunguza mlipuko wa tifasi, homa inayoenezwa na chawa. Walitarajia aandike dawa. Yeye akaandika elimu, demokrasia, barabara na kodi nafuu kwa maskini. Unaweza kukisia wakubwa walivyonuna.

Kuanzia 1859 alikuwa diwani wa Berlin, na huko ndiko alikopigania mabomba ya majitaka. Uchafu uliokuwa ukitiririka wazi kando ya barabara ukaanza kupita chini kwa chini hadi mashambani nje ya jiji. Aliyewahi kuruka mtaro Mathare msimu wa mvua hahitaji kuelezwa zaidi. Alipigania pia nyama ya nguruwe ikaguliwe kwa darubini, kwa sababu ya minyoo. Ule muhuri wa wino kwenye paja la mbuzi pale soko la Burma ni kinga ya aina hiyohiyo: unakulinda kabla hujaugua.

Hakuwa malaika. Alisitasita sana kukubali kwamba vijidudu ndivyo chanzo cha magonjwa, ingawa mabomba aliyoyapigania yalivizoa vilevile.