Sakafu za Mawe ya Asili Ndani ya Nyumba za Dodoma: Dhana Potofu na Ukweli

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, nyumba na ofisi mpya zimeongezeka kwa kasi, na wajenzi wengi sasa wanatamani sakafu ya graniti au marumaru. Jambo la kusikitisha ni kwamba uamuzi huo, ambao ni vigumu kuubadilisha baadaye, mara nyingi hufanywa dukani kwa kutazama rangi na mng'aro peke yake, ilhali kinachoamua maisha ya sakafu ni madini yaliyomo ndani ya jiwe, matumizi ya chumba na hali ya jamvi la zege lililo chini yake. Kwa kuwa vigae vya kiwandani navyo huitwa marumaru madukani, ieleweke kwamba hapa ninazungumzia jiwe lenyewe.

Dhana: Mawe yote ya asili ni magumu, kwa hiyo hayachubuki.

Ugumu wa madini hupimwa kwa kipimo cha Mohs, kinachoanzia 1 hadi 10. Marumaru imeundwa zaidi na kalsaiti, ambayo ugumu wake ni 3. Graniti ina felspa yenye ugumu wa 6 hivi na kwatzi yenye ugumu wa 7. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa Dodoma kuliko katika miji mingi, kwa sababu vilima vinavyouzunguka mji ni vya graniti: jiwe hilo linapochakaa kwa jua na mvua, felspa yake hugeuka kuwa udongo, na kwatzi hubaki kama chembe za mchanga. Chembe hizo ndizo upepo wa kiangazi unazoziingiza sebuleni, na kila anayepita juu ya marumaru akiwa na viatu vyenye vumbi anaikwaruza kwa madini yaliyo magumu kuliko jiwe lenyewe.

Kwa maoni yangu, marumaru iliyong'arishwa haifai katika korido wala sebule inayofunguka moja kwa moja uani. Chumbani, ambako watu huingia peku, inaweza kudumu vizuri. Anayeipenda mno asiyeweza kuiacha achague iliyosagwa ikabaki laini bila kung'aa, kwani mikwaruzo haionekani sana juu yake, kisha aweke zulia la kufutia miguu nje na ndani ya mlango, na afagie kabla ya kupiga deki.

Dhana: Ukiipaka marumaru dawa ya kuzuia madoa, hakuna kitakachoiharibu.

Dawa hiyo huziba vinyweleo vya jiwe ili mafuta na rangi visipenye haraka. Haizuii asidi. Kalsaiti ni kaboneti ya kalsiamu, na asidi inapoigusa humenyuka nayo papo hapo, ikala sehemu ya juu na kuacha alama hafifu isiyong'aa ambayo haifutiki kwa sabuni, kwa sababu hilo si doa bali ni jiwe lenyewe lililoliwa. Ndimu, siki, ukwaju, juisi ya ubuyu, soda na mvinyo wa zabibu vyote vina asidi, na hakuna kimoja kati ya hivyo kilicho kigeni katika nyumba za Dodoma. Dawa kali za kusafishia choo ni hatari zaidi, maana nyingi zina asidi ya hidrokloriki. Sakafu ya marumaru huoshwa kwa maji na sabuni isiyo kali, basi.

Kabla ya kulipa, omba kipande kilichokatika, kidondoshee maji ya ndimu, subiri dakika kadhaa, kifute, kisha kitazame kwa upande kwenye mwanga. Kikipoteza mng'aro, jiwe hilo lisiingie jikoni, hata muuzaji akiliita graniti.

Dhana: Graniti hainyonyi kitu.

Hunyonya kidogo, na mafuta ya kupikia yakikaa juu yake yanaweza kuacha doa jeusi. Tone la maji likiipa rangi nzito ndani ya dakika chache, ipakwe dawa.

Dhana: Unga mweupe unaojitokeza kwenye maungio ni dalili ya jiwe bovu.

Mara nyingi jiwe linasingiziwa. Unga huo ni chumvi iliyobebwa na maji kutoka chini. Maji yakikauka, chumvi inabaki juu. Chanzo chaweza kuwa udongo, mchanga usiooshwa, saruji au maji ya kisima yenye chumvi yaliyotumika kuchanganyia. Kinga yake huanza kabla jiwe halijanunuliwa: nailoni nzito itandazwe kabla ya kumwaga jamvi, maji safi yatumike, na zege likomae kwa siku 28 angalau kisha likauke vya kutosha. Fundi anayeshinikizwa amalize kabla ya sikukuu hana namna ya kuondoa unyevu uliomo ndani ya zege, na lawama hiyo ni ya mwenye nyumba.

Vilevile, marumaru nyeupe ilazwe kwa gundi nyeupe, kwa kuwa saruji ya kijivu inaweza kuonekana kwa chini na kuitia weusi. Gundi ienee mgongo mzima wa jiwe. Kuiweka kwa mafungumafungu huacha uwazi, na hapo ndipo jiwe hupasuka mguu wa kabati zito unapokaa juu yake.

Dhana: Sakafu ya jiwe huleta baridi yabisi.

Jiwe lililo kivulini huwa na joto linalokaribiana na la hewa ya chumba. Huonekana baridi kwa sababu huuondolea mguu joto haraka kuliko mbao au zulia. Usiku wa Juni na Julai ubaridi huo unaweza kuwaumiza wenye viungo vinavyouma tayari, nao wanastahili mkeka au zulia kando ya kitanda, lakini sakafu haisababishi ugonjwa huo. Wakati wa joto la Oktoba na Novemba, sifa hiyohiyo ni nafuu kubwa.

Dhana: Jiwe la kutoka nje ndilo bora.

Graniti ya Tanzania ya kati ni ya tabaka lenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5, na ugumu wa madini yake hautofautiani na wa graniti ya ng'ambo. Kinachostahili kuulizwa ni unene, uzito na umaliziaji. Jiwe la milimita 20 lina takriban kilo 54 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo kwa nyumba ya ghorofa mhandisi aulizwe kabla ya kuagiza. Bafuni, jiwe lililong'arishwa huteleza likilowa. Graniti iliyopitishiwa moto ikawa na uso wa kukwaruza ni salama zaidi. Vipande vyote vinunuliwe kwa mkupuo mmoja, pamoja na akiba ya sehemu ya kumi hivi, kwa sababu rangi ya jiwe hubadilika machimbo yanapoendelea, na mzigo wa mwaka ujao huenda usifanane na huu.